Uhalisi wa Bunduki ya Kale

Mtu aonyeshwapo kitu cha kale, aghalabu huuliza kwanza kama ni cha asili. Swali hili laonekana jepesi, kumbe ndani yake mna maswali mawili. La kwanza, je, chombo hiki kingali kama kilivyotoka mikononi mwa fundi wake? La pili, je, ndicho hasa kilichopitia mambo tunayosimuliwa? Yafaa tuyapime maswali hayo kwa kuitazama bunduki ya vita, kwani katika nchi yetu ni vyombo vichache vilivyobadili mikono mara nyingi kama hicho.

Mdandu, katika nchi ya Wabena, pako karibu na njia za vita vingi. Upande wa kaskazini, huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mkwawa yaliliangamiza jeshi la Zelewski na kuteka takriban bunduki 300. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wabena wakiongozwa na Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Karibu zaidi na Mdandu, huko Ilembule, kikosi cha Wajerumani kilisalimu amri mbele ya Waingereza mwezi Novemba 1916.

Tuchukue mfano wa bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyobebwa na askari wengi wa Kijerumani katika nchi hii. Mtutu wake una kipenyo cha milimita 11, nayo hupiga risasi moja moja kwa baruti yenye moshi. Mjuzi akiikagua, kwanza huhakikisha kwamba haina risasi. Kisha husoma chapa zilizogongwa kwenye chuma, na kutazama kama namba ya mtutu yalingana na namba za vipande vingine. Huchungulia ndani ya mtutu, maana masizi ya baruti ile yasiposafishwa hula chuma. Akiona kingo za herufi zimelainika na chapa zimefifia, hutambua kwamba msasa umepita hapo.

Wanunuzi wa vitu vya kale huko ng'ambo hutoza bei kwa kanuni hiyo: namba zikipishana, au kitako kikiwa kimebadilishwa, thamani hushuka. Hatuidharau kanuni hiyo, kwa kuwa huwafichua waghushi. Lakini yajibu swali la kwanza tu. Yatuambia bunduki ilivyokuwa kiwandani. Haituambii ilikuwa ya nani, wala ilitumika kwa haki au kwa dhuluma. Bunduki iliyotekwa Lugalo ilitengenezwa Ulaya, ikabebwa na askari Mwafrika aliyeajiriwa na Mjerumani, kisha ikawa silaha ya Mhehe aliyeilinda nchi yake. Kama mhunzi aliichongea kitako kipya kwa mti wa kwetu, je, tuseme kwamba ameiharibu? Sisi twasema kwamba ameiandikia sura nyingine ya historia yake.

Wala hali hiyo haikuwapata Waafrika peke yao. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilipokabidhi silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zake zaidi ya 1,000 zilikuwa za Kiingereza na Kireno, zilizotekwa vitani. Mtu angetafuta bunduki halisi ya Kijerumani ya siku ile kwa kutazama chapa ya kiwanda peke yake, angeitupa ile iliyo halisi, akaichagua isiyokuwapo.

Basi uhalisi si upya. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na unyemi huo ndio unaowashawishi watu kusugua kutu, kupaka rangi na kugonga namba mpya zilingane. Anayezuia kutu isienee anahifadhi. Anayefuta alama anaharibu ushahidi, hata kama nia yake ni njema. Na anayegonga namba ya uongo, au anayekibandika kitu jina la shujaa asiyekigusa, anawadanganya wajukuu ambao hawatapata nafasi ya kumhoji.

Hapo ndipo penye mtihani wetu sisi walimu na wanafunzi. Twapenda mno kuambiwa kwamba kitu fulani kilikuwa cha Mkwawa au cha Mbeyela. Mapenzi hayo si aibu, bali hayawezi kuwa ushahidi. Heshima tuliyo nayo kwa wazee hao yatudai tuandike tunachokiona, tuandike na tunachosimuliwa na anayesimulia, wala tusichanganye haya mawili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena silaha, hata ikiwa kuukuu, ni silaha. Sheria ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kuiweka bila leseni. Hivyo anayeikuta shambani au darini asiiguse, bali awaarifu polisi. Kuieleza kwa ukweli ni wajibu wetu. Kuimiliki si lazima.