Je, Muuzaji Anyamazaye Ameiba?

Mkatekumeni akiulizwa amri ya saba yakataza nini, hujibu upesi: yakataza kuiba. Papo hapo humfikiria mtu aingiaye shambani mwa mwenziwe usiku na kutoka na mihogo. Jibu hilo ni kweli, lakini ni fupi mno. Yuko mwizi asiyevunja mlango wala kutembea gizani. Hukaa sokoni mchana, amevaa vizuri, naye hupokea fedha mkononi mwa mwenye fedha mwenyewe, tena kwa shukrani. Huyo ndiye auzaye kitu kibovu huku akiuficha ubovu wake.

Tuchukue mfano wa motokari, maana huko hila hizo zimezidi. Motokari nyingi zinazonunuliwa Lubumbashi, Bukavu au Goma zimekwisha kutumika katika nchi nyingine. Nyingi zatoka Japani, hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, ndipo huletwa kwetu kwa barabara ndefu. Mnunuzi wa kijijini hajui ni nani aliyeiendesha wala imegongwa mara ngapi. Labda watu kumi wamechanga fedha ya mavuno ya miaka mitatu, ili wapate kamio ndogo ya kupeleka mihogo na maharagwe sokoni. Wanamtegemea muuzaji kama kipofu amtegemeavyo amshikaye mkono.

Naye hufanya nini? Kutu huifunika kwa mastiki na rangi mpya. Mipira iliyolika huichonga mifereji, hata ionekane ina meno, ingawa mpira uliobaki ni mwembamba kama ngozi. Injini inayotoa moshi huitia mafuta mazito, nayo hutulia kwa siku chache. Ile isiyotaka kuwaka asubuhi huiwasha kabla mnunuzi hajafika. Wako hata watiao unga wa mbao katika sanduku la gia, ili meno yaliyolika yasipige kelele. Na kipimo cha kilometa hurudishwa nyuma: zamani kwa kuzungusha vigurudumu vyake vyenye tarakimu, siku hizi kwa kompyuta ndogo. Motokari iliyokwenda kilometa 250,000 yajidai imekwenda 80,000. (Mwenye busara hutazama pedali: mpira wake ukiwa umelika hata chuma chaonekana, basi kipimo kisemacho kilometa chache chasema uongo.)

Juu ya hila hizo hatuna haja ya kubishana. Mkono nao waweza kusema uongo, hata mdomo usipofunguliwa. Swali gumu ni juu ya mtu mwingine, ambaye hakupaka kitu wala hakurudisha kitu nyuma. Ajua tu kwamba breki hushindwa zikipata moto katika mteremko mrefu. Mnunuzi hakuuliza, naye akanyamaza. Je, aweza kusema, "Mimi sikumdanganya, macho anayo"?

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alilichunguza swali hili katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae. Wakati wake hapakuwa na motokari. Yeye alisema juu ya farasi. Farasi akiwa na jicho moja tu, kila mtu huona. Muuzaji halazimiki kulitangaza jicho hilo, mradi apunguze bei ipasavyo. Lakini ila ikiwa ya siri, nayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, yampasa muuzaji kuitaja. Akinyamaza, ameuza kwa udanganyifu, tena alazimika kulipa hasara. Sababu yake yaonekana wazi. Bei ni mapatano ya watu wawili. Yatakuwaje ya haki, ikiwa mmoja ajua anachouza na mwingine hajui anachonunua? Kusema "macho anayo" kwafaa kwa kioo kilichopasuka. Kwa breki hakufai.

Wala tusidhani kwamba bei ndogo husafisha yote. Breki mbovu hazimwumizi mnunuzi peke yake. Wako abiria waliokaa juu ya mizigo, wako watoto kando ya barabara. Hao hawakupunguziwa bei.

Wengine husema, "Wauzaji wote hufanya hivyo, nikisema kweli, nitabaki na motokari yangu." Neno hili tusilidharau, maana lina ukweli ndani yake. Mwaka 1970 George Akerlof, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, alieleza kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha motokari nzima na mbovu hukataa kulipa bei ya ile nzima. Basi mwenye motokari nzima huiondoa sokoni, na mbovu hubaki. Ndivyo mtu wa haki anavyoumizwa na hila za wenziwe. Lakini aliyeumizwa hivyo ana sababu ya kuzichukia hila hizo. Ruhusa ya kuziongeza ameipata wapi?

Tena kuna yule aliyenunua motokari mbovu bila kujua. Nadhani huyo ndiye ajaribiwaye kuliko wote. Asema moyoni, "Mimi nilidanganywa mjini, nami nitaiuza kijijini." Lakini mnunuzi wa pili hakumwibia kitu. Kwa nini alipe deni la mwingine? Aiuze kwa kutaja ila, kwa bei ya kitu kibovu, au awauzie mafundi vipande vyake.

Na kama aliiuza kabla ya kuijua ila? Hakutenda dhambi, asema Toma. Lakini siku ile ajuapo, deni laanza. Basi, ikiwa mnunuzi ni jirani yako wa ng'ambo ya mto, umwendee. Mwite fundi mmoja mnayemwamini wote wawili, akadirie gharama ya kutengeneza, nawe urudishe fedha hiyo, hata kama ni kidogo kidogo kila mavuno. Akiwa amekwisha kuiuza, uulize ni nani aliyebaki na hasara. Fedha ni ya huyo.