Vumbi Lililosamehewa

Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni, wakati nyasi za Uingereza zinachanua na jua la London halizami mpaka saa tatu usiku imepita. Mfungaji alishinda saa 18 hivi bila tonge wala tone. Aliyekuwa na pumu ya chavua alikuwa na mtihani wa pili: hewa aliyoivuta njiani imejaa unga wa nyasi usioonekana kwa macho, kifua kinaanza kubana, na inhela iko mfukoni. Akiivuta, saumu yake ipo au imekwenda?

Masheikh huulizwa jambo hili kila Ramadhani, na muulizaji kwa kawaida anataka jibu la neno moja. Lakini swali ni zito kuliko linavyosikika. Linamlazimisha mtu aseme kula ni nini, ndani ya mwili kunaanzia wapi, na ibada ya mwenye mapafu dhaifu inapimwa kwa kipi.

Kwanza chavua yenyewe. Mwaka 1819 daktari wa London, John Bostock, aliwaelezea wenzake maradhi yaliyokuwa yakimrudia yeye mwenyewe kila kiangazi: macho kuwasha, chafya mfululizo, pumzi kuwa nzito. Alidhani ni joto la jua. Aliyempata mkosaji ni Charles Blackley wa Manchester, mgonjwa mwingine wa hali hiyohiyo. Alikwaruza ngozi yake, akaweka hapo chavua ya nyasi iliyoloweshwa, akapatazama pakiwasha na kuvimba. Kisha akarusha vishada vyenye vioo vilivyopakwa kitu cha kunata, ili ahesabu chembe zilizonaswa huko juu angani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873.

Katika miaka ya 1960 Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke, waliitambua IgE, kingamwili inayoipokea chavua kana kwamba ni adui. Mwenye mzio akiivuta, kemikali humwagika, njia za hewa huvimba, misuli yake hukaza, makohozi huongezeka, na kifua hulia. Chembe nzima ya chavua ya nyasi ni kubwa mno kufika chini mapafuni. Ikipata unyevu hupasuka vipande vidogo vinavyopenya. Tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ya radi ilizipasua chembe hizo na kushusha vipande vyake kwa wingi juu ya mji wa Melbourne, Australia, ukiwa msimu wa nyasi huko. Maelfu walikimbilia hospitali, na watu 10 wakafa. Wengi waliobanwa kifua siku hiyo hawakuwahi kuambiwa kwamba wana pumu. Walijijua tu kuwa ni watu wa chafya za msimu.

Tukirudi kwenye saumu, vitabu vya fiqhi ya Kishafii vinavyosomeshwa pwani ya Afrika Mashariki vina mlango unaoingia moja kwa moja katika habari hii. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake Minhaj kwamba kitu chenye umbo kikifika ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi, saumu hubatilika. Lakini papo hapo akavitoa vitu visivyoepukika: nzi au mbu aliyeingia kooni, vumbi la njiani, unga unaopeperuka mtu anapochekecha. Kwa kipimo hicho chavua imesamehewa. Anayepita kandokando ya uwanja wa nyasi mwezi Juni hali chochote, hata kama mapafu yake yanaadhibiwa.

Ugumu uko kwenye dawa, kwa sababu dawa huvutwa kwa kusudi. Ibn Baz na Ibn Uthaymin, wanazuoni wakubwa wa Saudi Arabia, walisema inhela haibatilishi saumu: si chakula wala kinywaji, na inakwenda kwenye njia ya pumzi. Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa ya Misri, inasema inabatilisha, kwa kuwa kinachotoka mle ni matone yenye umbo, na sehemu yake humezwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliorodhesha matibabu mengi yasiyoharibu saumu, lakini suala la inhela likaliahirisha. Kila upande una hoja ya kweli. Dawa nyingi hubaki kinywani na kooni, hasa kwa asiyejua kuivuta. Na hapohapo, kipimo kimoja cha salbutamol, dawa ya inhela ya nafuu ya haraka, ni mikrogramu 100 tu, kitu kidogo mno.

Hata hivyo, tofauti hiyo haimpi mtu ruhusa ya kujihatarisha. Aya za saumu katika Suratul Baqara zimemtaja mgonjwa waziwazi na kumpa nafasi ya kulipa siku nyingine. Wapo wanaoiona ruhusa hiyo kama ibada ya daraja la pili, ya watu wasio na subira, na mawazo hayo yanadhuru. Anayekubali kukosa pumzi ili asionekane amefungua anakataa sadaka aliyopewa na Mola Mwenyewe.

Linaloumiza zaidi ni kuwaona wale wanaoacha hata inhela ya kinga, yenye steroidi, ambayo haigombani na saumu kabisa. Kwa kawaida huvutwa mara mbili kwa siku. Inaweza kuwa wakati wa daku na wakati wa futari. Mgonjwa aitikise, atoe pumzi yote, abonyeze huku akivuta polepole, abane pumzi kwa sekunde 10, kisha asukutue. Dawa ya mzio ya kumeza na ya kupuliza puani nazo zaweza kutumika usiku. Kinga hiyo ianze wiki kadhaa kabla ya msimu, kwa ushauri wa daktari, kwa sababu haifanyi kazi papo kwa papo. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haipendekezi tena kumtibu mtu mzima kwa inhela ya nafuu ya haraka peke yake, kwa kuwa uvimbe hubaki ukiendelea chini kwa chini.

Kifua kikibana mchana, dawa ivutwe bila kungoja magharibi. Anayefuata rai ya Ibn Baz anaendelea na saumu yake; anayefuata ile ya Misri analipa siku hiyo. Na kwa aliye Uingereza kulipa kuna wepesi wake: Desemba mfungo wa London ni kama saa 10, na hewani hakuna chavua ya nyasi. Ambaye pumu haimpi nafuu mwaka mzima, hata akashindwa kulipa, ana fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku.