Tuwaachie Watoto Wakate Neno



Neno letu la leo ni la nyumbani. Mtoto ametumwa sokoni kununua mchele kwa mama mmoja aliyevuka mto kutoka Alunguli. Anarudi na mchele, na katika pesa aliyorudishiwa mna franka 500 za zaidi. Yule mama amekosea hesabu. Nyumbani chumvi hakuna, sabuni hakuna. Wako wazazi wanaosema, «Mungu ametukumbuka!» Mtoto anasikia. Kesho akichukua pesa mezani anapigwa fimbo, naye anashangaa, maana jana jambo lile lile liliitwa baraka.

Wazee wetu wa Maniema walijua njia nyingine. Warega katika Bwami walifundishana kwa mithali na sanamu ndogo za mti na za pembe. Wabelgiji waliikataza Bwami mwaka 1948. Iko sanamu yao yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Mwenye hekima hutazama pande zote kabla ya kukata neno. Mafundisho hayo yalikuwa ya watu wakubwa, lakini mtoto wa Kindu, anayeiona Lualaba kila siku, atayaelewa upesi.

Basi baba, mama, msimulie mtoto habari ya vichwa vile, halafu umwulize: «Ukisimama ng'ambo, kule Alunguli, unaona nini? Mama anahesabu pesa usiku, haitoshi kununua mchele mwingine. Watoto wake wanamtazama.» Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi tunashindwa, kwa kuwa tunapenda kujibu wenyewe! Nabii Nathani hakuanza kwa kumgombeza Daudi. Alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, na Daudi akakata neno kwa kinywa chake mwenyewe (2 Samweli 12).

Pengine mtoto atasema, «Turudishe nusu.» Usimcheke. Mwulize nusu ile nyingine ni ya nani.

Na akisema pesa yote irudi, mzazi usimzuie kwa ajili ya chumvi. Ukimzuia mara moja, siku nyingine atakujibu yale unayopenda kusikia tu. Jioni hiyo mle chakula bila chumvi. Asubuhi mwende naye sokoni, na pesa aishike yeye.