Ni ya Nani?

Kwa Vonza, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, jina lenyewe linakwambia hapa ni kwa mtu. Ukambani kumejaa majina ya namna hiyo. Na mbuzi akiingia shambani akamaliza kunde, hakuna anayeuliza ni mbuzi wa aina gani. Wanauliza ni wa nani.

Tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete ya chuma ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Upana wake mita 2.5 hivi, uzito kama kilo 500. Ilitua vichakani ikiwa bado ya moto, watu wakangoja ipoe ndipo wasogee. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaichukua, na mwaka mpya ulipoingia likajibu swali la "ni nini": pete inayotenganisha sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida huteketea ikirejea kwenye angahewa, au huishia baharini. Tukio la pekee, wakasema.

Januari hiyo nikingoja matatu Kwa Vonza, mama mmoja aliyekuwa akipepeta ndengu alitaka lile jibu jingine.

"Na mwenyewe ni nani, mwanangu?"

Nikamweleza kuna mkataba wa mwaka 1972: nchi iliyorusha chombo hulipa hasara yote kinayoleta ardhini, hata kama haikuzembea.

"Mkimjua," akasema, ungo ukaendelea.

Neno hilo limenikaa moyoni. Kimondo kikianguka hakina mwenyewe, basi hakina wa kulaumiwa. Tunasema ni kudra. Lakini pete ile ilichorwa na mhandisi, ikakatwa, ikakazwa bolti kwa mkono wa mtu. Kuiita kudra ni kumsamehe mtu ambaye hata hajaomba radhi. Na kudra hii ina upendeleo: watafiti walioandika katika jarida la Nature Astronomy mwaka 2022 walikadiria kwamba mabaki ya roketi yana uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuangukia kwenye latitudo za Jakarta, Dhaka na Lagos kuliko zile za New York, Beijing au Moscow. Njia za roketi nyingi hupita juu ya nchi za joto.

Ila nisijifanye msafi. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, roketi ya Kimarekani ilipandisha setilaiti ikaitwa Uhuru, tukafurahia jina. Mkataba uleule unahesabu pia nchi ambayo roketi imeondokea kwenye eneo lake. Siku moja mwenyewe anaweza kuwa sisi.

Wingu jeusi likajitokeza upande wa Kitui. Mama akatazama juu, akavuta turubai kufunika ndengu.

"Hili najua ni la nani," akasema.

Matatu ikafika.