Mwenza wa Njiani

Tulisafiri kwa gari kutoka Mombasa hadi Nairobi, peke yetu, bila ya mwenza. Njia ni ndefu, yakaribia kilomita 500, nasi tuliifupisha kwa kuzisoma kwa ghibu beti za Utendi wa Mwana Kupona tulizofunzwa utotoni na nyanya yetu. Bibi yule wa Pate aliutunga mwaka 1858, hali ni mgonjwa, ili amuusie binti yake. Na miongoni mwa wasia wake ni kuwa asiandamane njiani na mtu asiyeshika haki.

Jua lilikuwa limekwisha kutua tulipowasili Pumwani, mtaa mkongwe wa mashariki ya Nairobi, ambao Waislamu wenye asili ya pwani walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Katika kukimbilia sala ya Magharibi, gari letu liligonga meza ya muuza mboga kandoni mwa njia, mguu wake ukavunjika. Hapakuwa na mtu. Tukapita.

Zingatia, ewe ndugu msomaji: utendi ulikuwa ungali ulimini, na mkono wazungusha usukani kutoroka. Kwetu tusingalithubutu, kwani kila dirisha lina macho, na kila jicho lamjua baba yetu. Basi je, ile tuliyoiita tabia njema ilikuwa yetu, au ilikuwa ya majirani? Wanavyuoni wamesema kuwa neno safari, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kufunua, kwa kuwa safari hufunua tabia za watu. Sisi ilitufunua.

Tulisimama safuni, lakini moyo haukutulia. Baada ya salamu tukarejea kwa miguu. Tulimkuta mama mmoja ameishika meza yake, akimlaumu kijana wa jirani, naye kijana akiapa. Tulikiri kuwa ni sisi tulioivunja, tukamuomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia kijana: "Mwanangu, nisamehe." Kwetu hakutaka ila thamani ya mbao na misumari.

Hapo tulifahamu kuwa kosa la siri halikai bila ya mwenyewe. Ukilikimbia wewe, hutwikwa mwengine asiye na hatia. Tulidhani tumevunja mguu wa meza. Kumbe tulikaribia kuvunja ujirani.

Wako watakaouliza: mashairi yana faida gani, ikiwa mwenye kuyasoma hutoroka? Twajibu kuwa shairi halimshiki mtu mkono, lakini humpa maneno ya kujishitaki nafsi yake. Mwana Kupona ameonya juu ya mwenza asiyeshika haki. Garini hatukuwa na mwenza ila nafsi yetu, na huyo hateremshwi njiani. Hatuna budi kumlea.

Mwenyezi Mungu atujaalie faraghani tuwe kama tulivyo hadharani. Amin.