Ukinunua Gemu, Umenunua Nini?



Tarehe 31 Machi 2024, ambayo mtakumbuka ilikuwa Jumapili ya Pasaka, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva za The Crew, gemu ya mbio za magari iliyotoka mwaka 2014. Gemu ile ilitengenezwa kiasi kwamba haiwaki bila kuwasiliana na seva, hata ukitaka kucheza peke yako chumbani. Kwa hiyo seva zilipozimwa ilikufa kwa watu wote siku moja. Aliyeinunua mtandaoni aliikosa. Aliyekuwa na diski yake ndani ya kava, na risiti juu, naye aliikosa. Diski imebaki kuwa duara la plastiki linalong'aa.

Najua kuna atakayesema, frateri, hiyo ni gemu tu, kuna watu hawajala tangu jana. Kweli kabisa, na sibishani naye. Lakini kisa hiki kina swali ndani yake ambalo si la gemu peke yake. Mtu ametoa hela, muuzaji amepokea, wote wawili wameita jambo hilo "kununua". Miaka kadhaa baadaye mmoja anakuja kukichukua kitu, na anasema hajaiba. Sasa kilichouzwa kilikuwa nini?

Nimelazimika kulifikiria hili kwa sababu ya kijana mmoja wa VIWAWA katika parokia ninapofanyia mwaka wa kichungaji. Ana diski zake za PlayStation karibu thelathini, amezipanga kwa mwaka, na amewahi kulala bila chakula cha usiku ili apate moja. Kwenye mafungo walifundishwa kuhusu kutoshikamana na vitu, akanifuata baadaye akiwa na wasiwasi. Aziuze zote? Wenzake wanamcheka pia, lakini kwa sababu nyingine: dunia nzima inadaunilodi, yeye anajaza rafu.

Nianze na wanaomcheka, kisha nirudi kwenye wasiwasi wake, kwa sababu wasiwasi wake ndio wenye uzito.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 78, anatofautisha vitu vya aina mbili. Divai na ngano, kuvitumia ni kuvimaliza, kwa hiyo huwezi kumuuzia mtu matumizi ya divai huku wewe ukibaki na divai yenyewe. Nyumba ni tofauti. Naweza kukupa uishi humo na umiliki ukabaki kwangu. Hiyo ndiyo kodi ya pango, na Tomaso haoni ubaya ndani yake. Gemu iko upande wa nyumba, maana kuicheza hakuimalizi. Basi kampuni ikitaka kukodisha, ikodishe. Shida iko kwenye swali la 77, anapozungumzia ulaghai katika kuuza na kununua: muuzaji anayejua kasoro iliyofichika anapaswa kuisema. Duka likiandika "Nunua" kwa herufi kubwa, likatoza bei ya kununua, halafu ndani kabisa ya masharti ambayo hakuna binadamu anayeyasoma likasema umepewa leseni inayoweza kufutwa, huo si ukodishaji wa haki. Ni pango lililovalishwa nguo za mauzo.

Wabunge wa jimbo la California huko Marekani, ambao sidhani walikuwa wakisoma Summa, walifika hapohapo. Sheria yao iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inakataza maduka ya kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumwambia mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Angalia kwamba sheria hiyo haiwalazimishi kuuza. Inawalazimisha kusema ukweli tu.

Hapa niwaletee kisa cha kale ambacho tulikisoma darasani nikadhani hakitanifaa kitu maishani. Wafransisko wa karne ya 13 walitaka kuishi umaskini wa Kristo bila kumiliki chochote, si mtu mmoja mmoja wala shirika kwa ujumla. Lakini walikula, walivaa, walilala chini ya paa. Papa Nikolasi III, mwaka 1279, akathibitisha suluhisho: umiliki ni wa Kanisa la Roma, ndugu wana matumizi tu. Mwaka 1322 Papa Yohane XXII akalikataa. Alisema, kwa mfano, mkate ulioliwa: nani atadai kwamba aliyeula alikuwa na matumizi tu, na umiliki bado uko Roma? Mabishano yake yaliwatoa watu jasho kwa miaka mingi.

Mimi kinachonishangaza ni kwamba hali ile ambayo ndugu wale waliitafuta kwa nadhiri na kwa machozi, yaani kutumia bila kumiliki, sisi tumepewa bure na maduka ya mtandaoni. Miziki, filamu, vitabu, gemu: tunatumia tu, umiliki uko kwingine. Tofauti ni kwamba Mfransisko alichagua. Tena aliachilia mali ili asimtegemee mwenye mali yeyote isipokuwa Mungu. Sisi tumeachilia bila kujua, na sasa tunategemea seva ya mtu. Umaskini ambao hukuuchagua, na ambao umeulipia bei kamili, sioni jinsi ya kuuita fadhila.

Kwa hiyo wanaomcheka yule kijana kwamba amepitwa na wakati, hawajaelewa anachoshika mkononi.

Kuna jambo jingine, na hili kwangu ndilo kubwa. Katika swali la 66, Tomaso anauliza kama ni halali mtu kuwa na kitu kama chake. Anajibu kwa kugawa. Katika kutunza na kusimamia, ndiyo, ni halali na hata ni lazima, maana kitu cha wote bila msimamizi hakitunzwi na yeyote. Lakini katika kutumia, mtu asikichukulie kitu kama chake peke yake, awe tayari kuwashirikisha wenye uhitaji. Sasa chukua diski. Ni mali binafsi kabisa, ina jina langu kwa ndani. Naweza kukuazima Jumamosi, ukamwazima dada yako, akaipeleka kwa jirani. Nikifa inabaki kwa mdogo wangu. Chukua gemu niliyoidaunilodi: imefungwa kwenye akaunti, na masharti kwa kawaida hayaruhusu kuiuza wala kumpa mtu mwingine akaunti hiyo. Kumbe kile kinachoonekana kuwa cha ubinafsi, kurundika vitu kwenye rafu, ndicho kinachoweza kushirikishwa, na kile kinachoonekana chepesi na huru kimejifunga kwa mtu mmoja hadi kifo.

Makampuni yanalijua hili vizuri. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza Xbox One ikiwa na masharti ya kubana kuazimana na kuuza diski zilizotumika. Watu walikasirika. Sony, mshindani wake, ikatoa video fupi sana kufundisha jinsi ya kumwazima mwenzako gemu ya PS4: mmoja anampa mwenzake boksi mkononi, basi, somo limeisha. Dunia ilicheka, na mwezi huohuo Microsoft ikarudi nyuma. Lakini mwaka 2020 Sony hiyohiyo ilileta PS5 ya aina isiyo na sehemu ya kuweka diski, na mwaka 2024 ikaleta PS5 Pro ambayo sehemu ya diski unainunua pembeni. Hakuna aliyekatazwa kuazima. Mlango tu haupo tena.

Kwetu hapa hili lina uzito wake. Gemu moja ya siku hizi inaweza kupita GB 100. Piga hesabu ya bando, halafu uniambie ni kijana gani wa mtaani atakayeidaunilodi. Vibanda vya gemu ambavyo wengi wenu mlikulia, benchi moja na watoto kumi wakisubiri zamu, viliishi kwa diski. (Nyingi zilikuwa za kuchoma, na Amri ya Saba inawahusu waliozichoma, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.) Mfano ulio karibu zaidi ni FIFA. Ushirikiano wa EA na FIFA ulipokwisha, gemu ikabadilishwa jina na kuwa EA Sports FC mwezi Septemba 2023, na wakati huo FIFA 23 ikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mwenye diski yake, leo hii anaweza kumwita jirani wakacheza.

Basi nirudi kwa kijana wangu, maana asije akadhani nimemtakatifuza.

Mwezi Julai 2021, kwenye mnada wa Heritage Auctions huko Marekani, nakala moja ya Super Mario 64, gemu ya mwaka 1996, iliuzwa kwa dola milioni 1.56. Haijawahi kufunguliwa. Imepimwa ubora, ikapewa alama, ikafungiwa ndani ya plastiki ngumu isiguswe. Gemu iliyotengenezwa ili watoto wacheke, thamani yake yote sasa inatokana na kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuicheza. Mtakatifu Basili wa Kaisaria alikuwa mkali sana juu ya viatu vinavyooza kwa mtu wakati jirani anatembea pekupeku, na nadhani boksi lile angelielewa kwa sekunde moja. Hapo utunzaji umegeuka kitu kingine. Na huhitaji dola milioni kufika huko. Unafika ukianza kununua kwa sababu kuna pengo kwenye rafu, gemu ambayo hutacheza, ili tu namba zifuatane. Unafika mdogo wako akiomba aguse, ukamfokea.

Na tusidanganyane kuhusu plastiki pia. Diski huoza, tabaka lake la ndani hushikwa na kitu kama kutu, na mkisikia hivyo najua mnakumbuka Bwana alisema nini mlimani juu ya hazina, nondo na kutu. Mwaka 2025 Nintendo ilileta Switch 2, na baadhi ya gemu zake zinakuja kwenye kadi isiyo na gemu ndani, ina ufunguo tu wa kukuruhusu kuipakua. Unaona, unashika boksi, na ndani ni upepo. Mkusanyaji anayepigania kava tu atauziwa makava.

Kwa hiyo kwangu diski yenyewe si jambo la msingi. Msingi ni kama mtu bado ana mamlaka juu ya kitu alicholipia, mamlaka ya kukitunza na kukitoa. Na kutunza si jambo dogo. Taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilichunguza mwaka 2023 ikakuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazitolewi tena sokoni na wenye haki nazo. Nyingi zipo kwa sababu mtu fulani hakutupa boksi lake. Sisi Wakatoliki tusiwashangae watu wa namna hiyo. Karne ya 6, Cassiodorus alianzisha monasteri ya Vivarium kusini mwa Italia, ambako wamonaki walinakili vitabu, na si vya dini tu. Silinganishi FIFA na vitabu vile. Nasema tu kwamba tabia ya kuhifadhi kazi za mikono ya watu kwa ajili ya watakaokuja, hatukuianza jana.

Nikamwambia asiuze. Nilimwambia pia kuhusu Carlo Acutis, ambaye Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Carlo alikuwa na PlayStation kama sisi, na inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Kijana akacheka, akasema saa moja haimalizi hata mechi za ligi. Nikamwambia ajaribu mbili. Halafu nikamwomba kitu kigumu zaidi: achague diski tano anazozipenda kuliko zote, azitoe ziwe za kuazimwa na vijana wa parokia, na daftari la kuandika nani kachukua. Alinyamaza muda mrefu. Alikubali tatu.

Mimi mwenyewe nina boksi moja nyumbani. Kanuni ya 282 ya Sheria za Kanisa inawataka makleri waishi maisha ya kawaida, bila anasa, na ingawa bado sijafika huko, nimeanza kulipunguza. Zilikuwa kumi na nne. Nne nimempa mdogo wangu, mbili ziko hapa parokiani kwenye daftari lile. Na kuna moja, PES 2013, ambayo mara ya mwisho kusikia habari zake ilikuwa Morogoro, kwa rafiki wa rafiki, na inasemekana bado inasoma.