Usitume Bado

Mwanangu, mtu akikuharakisha kwenye simu, usimjibu kwanza. Weka simu chini, umalizie chai yako.

Nimeuza dagaa Mwaloni Kirumba miaka mingi, na pale kila mtu anadaiwa. Mzigo unatoka Ukerewe au Goziba. Hela inatangulia kwa simu, magunia yanafuata na boti. Sasa ule ujumbe unaoujua, "Ile hela itume kwenye namba hii," anayeutuma hakufahamu. Anautawanya kwa namba nyingi, hajui hata moja ni ya nani. Ila asubuhi ya Mwaloni hakosekani anayedaiwa kweli. Siku hiyo nilikuwa mimi. Mwizi hakutaja jina la mwenye mzigo. Nililijaza mwenyewe kichwani, nikatuma.

Hela ile nilishaisamehe. Kinachoniuma ni kwamba nilinyamaza. Niliona haya. Mama mzima, mwenye wajukuu, niwaambie wenzangu nimeibiwa na ujumbe? Nikaendelea kupepeta dagaa zangu. Wiki haikuisha, jirani yangu wa meza naye akatuma. Ni mjane, na ile ilikuwa ada ya mtoto. Alipolia nikampa pole, basi. Sikumwambia kwamba ningeweza kumwokoa. Nilipokuja kumwambia, muda mrefu ulikuwa umepita, na salamu yake niliikosa hadi mvua za vuli.

Ninyi vijana mnaijua simu kuliko sisi, sibishi. Lakini nanyi mnawindwa: mikopo ya dakika tano, kazi za kubofya, wekeza leo uvune kesho. Hilo la kuvuna si jipya. Waulize wakubwa zako habari za DECI, ule upatu ambao watu walipanda fedha kama mbegu hadi serikali ilipoufunga mwaka 2009. Na Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kabla hujakopa, ulizia leseni.

Akipiga mtu kusema amekurushia hela kimakosa, umrudishie, achana na ujumbe aliokutumia. Tazama salio lako. Kama hela imeingia kweli, mwambie apige 100, mtandao wenyewe utairudisha. Akidai mwanao amezidiwa shuleni, mpigie mwalimu kwa namba uliyo nayo wewe. Namba ya siri usimpe yeyote, hata akijiita huduma kwa wateja. Siku ukiwa na nafasi, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Unaweza kukuta usiyoijua. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040.

Na ikitokea umeshatuma, mwanangu, piga 100 saa ileile, waizuie kabla haijatolewa. Kisha niamshe, hata kama ni usiku wa manane. Sitakugombeza. Asubuhi tutakwenda wote kuwaambia wenzako.